Mwenyeji wa Bir Sidra

Ting, ting. Kulikuwa bado giza, adhana ya alfajiri haijatoka, nami nilijua bila ya kufungua macho kuwa ni Bi Khole, mama mkwe wangu, anaponda iliki jikoni. Hakuwasha taa asije akamwamsha mtoto. Aliponda pole pole, kiganja juu ya mdomo wa kinu ili sauti isiruke, lakini shaba ni shaba. Sinan aligeuka kifuani mwangu akatafuta ziwa. Nikamnyonyesha huku nikisikiliza, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kama asubuhi ya Idi, kwa sababu siku ile watu wawili walikuwa waje kula kwetu mchana, na mimi ndiye niliyewakutanisha.

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, na neno amani lilikuwa kila mahali. Televisheni ilikwisha kutuonyesha watu waliopigana umri mzima wakipeana mikono. Jordan ilikuwa imetia saini. Huku Oman Waisraeli walikuwa wakija waziwazi, kwa mikutano ya maji na ya biashara. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne. Niliolewa kabla ya kumaliza shule, na baada ya watoto wawili nilirudi kwenye masomo ya jioni ya wanawake hapa Ibra, nikitaka siku moja nifundishe watoto wadogo. Mtu anayeanza kusoma ukubwani huona kila kitu kinaweza kuanza upya. Mimi ndivyo nilivyoona.

Mwalimu wetu wa historia alikuwa Ustadha Hala, Mpalestina aliyezaliwa Irbid, upande wa Jordan. Baba yake alitoka kijiji kinachoitwa Bir Sidra, kwenye milima ya Galilaya, na hakukiona tena tangu mwaka wa arubaini na nane. Ustadha alikuwa mkavu, hacheki ovyo, lakini siku niliyokosa wa kumwachia Sinan nikaja naye darasani, alimchukua akamlaza begani, akaendelea kuandika ubaoni kwa mkono mmoja mpaka kipindi kikaisha. Tangu hapo ningemfanyia lolote.

Baba yake alikuwa mgonjwa wa figo. Kabla ya kufa alitaka kitu kimoja: kusimama kwenye kaburi la mama yake huko Bir Sidra akamsomee Fatiha. Tangu mapatano, watu wa Jordan waliweza kuomba ruhusa ya kuvuka. Yeye aliomba, akarudishwa, akaomba tena, akarudishwa. Akaambiwa ingemsaidia kama angekuwa na mtu huko wa kumwalika na kumdhamini. Mzee akauliza, sasa mie Myahudi wa kunialika nitamtoa wapi? Ustadha alitusimulia haya darasani, tukacheka, na yeye akatabasamu kidogo.

Basi Harub, mume wangu, ndiye aliyemtoa huyo Myahudi mchangani.

Harub ni dereva wa kambi ya watalii Al Mintirib, huwapeleka wageni kwenye vilima vya mchanga vya Wahiba. Jioni moja alirudi nyumbani anacheka peke yake. Gari lilikwama, akasema, na mzee mmoja wa nywele nyeupe akashuka bila ya kuambiwa, akapiga magoti, akaanza kufukua gurudumu kwa mikono huku akijisemea, "Sukuma. Pole pole. Sukuma tena." Harub alidhani jua limempanda yeye kichwani. Alimuuliza kwa Kiswahili, Bwana, lugha hii umeitoa wapi? Mzee akajibu, Dodoma. Alikuwa kijana, Tanganyika ndiyo kwanza imepata uhuru, serikali yake ilimpeleka kule kuchimba visima, na mafundi wakampa jina la Bwana Maji. Sasa alikuja Maskati kwa mkutano, akabaki siku chache kuuona mchanga. Kwao wapi? Galilaya, analima mapeasi.

Harub, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Unguja na Kiswahili mdomoni na karibu si kitu kingine, hakuweza kujizuia. Alimwalika chakula.

Kesho yake nilimweleza Ustadha kama kichekesho. Hakucheka. Aligeuka akafuta ubao ambao ulikuwa umeshafutwa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kama mwanafunzi anayeomba ruhusa, kama na yeye angeweza kuja.

Kwa hiyo ndiyo iliki ile ya alfajiri.

Bi Khole alikuwa na shida yake nyingine: Myahudi anakula nini? Harub alimtuliza kuwa samaki hawana ugomvi na mtu. Tukapata nguru mzuri kutoka Sur, akapikwa mchuzi wa nazi, na wali, na achari ya ndimu. Tulitandika busati kwenye majlisi, chumba chetu cha wageni. Kwa desturi wanawake tungekula ndani, lakini Bi Khole aliamua kuwa sote tutakaa pamoja. Alisema katika umri wake hana mwanamume wa kumkimbia tena, isipokuwa Israili mtoa roho.

Mzee aliingia, akavua viatu mlangoni, akamwinamia Bi Khole. "Shikamoo, mama. Mimi iko furaha sana."

"Marahaba. Lakini furaha 'unayo', baba, huwi 'iko'. Nani alikufundisha Kiswahili hiki, mtu au nyundo?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema mafundi wote walikuwa wakimcheka hivyo hivyo. Jina lake lilikuwa Amnon, lakini Bi Khole akamwita Bwana Maji, na sote tukafuata. Alyaa binti yangu, wa miaka mitano, alikaa mbele yake kabisa akimkodolea macho, maana hakuwahi kumwona mtu mweupe anayesema maneno ya nyumbani kwetu.

Ustadha Hala alifika akiwa amevaa gauni lake la kijivu la shule. Hakumpa mzee mkono, aliweka kiganja kifuani, naye akafanya vile vile. Kiarabu cha mzee kilikuwa cha kununulia mboga tu. Ustadha hakuwa na Kiingereza cha mazungumzo, na Kiingereza cha Harub ni cha kambini: karibu, funga mkanda, usimshike ngamia. Kikabaki Kiswahili kwa yule, Kiarabu kwa huyu, na mimi katikati.

Tulikula kwanza. Baada ya halwa na kahawa, Ustadha aliniambia nimuulize kama anaijua Bir Sidra.

Hakuijua. Jina hilo, alisema, hakuwahi kulisikia.

Ustadha akaanza kuieleza kama alivyohadithiwa na baba yake. Vilima viwili vilivyoelekeana. Kisima katikati, chenye ngazi za mawe za kuteremkia, na mkunazi mkubwa ubavuni, ambao ndio sidra wenyewe. Nilifasiri kilima baada ya kilima, jiwe baada ya jiwe. Nilipofika kwenye ngazi, mzee aliweka kikombe chini.

"Ngazi iko saba," akasema. "Ya mwisho imevunjika."

Nikamfasiria. Ustadha aliitikia kwa kichwa tu.

Kumbe ni mahali hapo hapo. Mzee akasema aliletwa na mama yake, mtoto wa miaka tisa, wawili tu waliobaki katika watu wao wote, kwa meli, kisha lori. Walipewa chumba katika nyumba moja ya karibu na kisima. "Nyumba iko. Watu hapana," alisema. Serikali ikawaambia kuwa wenye nyumba walijiondokea wenyewe, wakubwa wao waliwaambia ondokeni, wakaondoka. Baadaye nyumba zilibomolewa, na wao wakajengewa mpya chini ya kilima.

Nilifasiri. Ustadha akasema, neno kwa neno ili nisipoteze hata moja, kuwa baba yake alitoka miguu mitupu, dada yake mdogo mgongoni, watu wenye bunduki nyuma yao. Hakuna mkubwa aliyewaambia waondoke. Hawakuondoka. Waliondolewa.

Nilipokuwa nikiyaweka haya kwenye Kiswahili niliona namna silabi mbili zinavyoweza kubeba vita nzima. Waliondoka. Waliondolewa. Nilimtazama mzee usoni nikimwomba kwa macho asijibu haraka.

Hakujibu haraka. Alizungusha kikombe. Halafu akasema polepole, akitafuta maneno, kuwa ndani ya ile nyumba walikuta mitungi ya zeituni na godoro limekunjwa vizuri pembeni. Mama yake alimwambia asiguse kitu. "Alisema, wenyewe watarudi." Akakisogeza kikombe kando. "Mimi niliambiwa. Baba yako aliona. Kuona kubwa kuliko kuambiwa."

Nikayafasiri maneno hayo moja moja. Ustadha Hala alifumba macho. Mimi nikafikiri, ndiyo hii. Ndiyo hii inayosemwa kwenye televisheni, imekuja mpaka Ibra, kwenye busati letu. Nilijiona nimesoma hasa.

Kisha Ustadha akaleta haja yake. Nilimweleza mzee habari za figo, na ruhusa iliyokataliwa, na kaburi. Kabla sijamaliza alikuwa akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Ataandika. Ana mtu anayemjua wizarani. Atamfuata mpakani kwa gari lake mwenyewe. Akatanua mikono, na kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko vyote alivyosema siku ile, akasema:

"Mwambie aje. Yeye mgeni wangu. Mimi mwenyeji wake."

Nilifungua mdomo, nikakwama.

Kwa Kiswahili ni maneno ya wema kabisa. Anayekupokea ni mwenyeji. Lakini mwenyeji pia ndiye mtu wa pale, aliyezaliwa pale, mwenye pale. Na mgeni ni yule unayemtandikia busati, na ni yule yule asiyekuwa na haki mahali. Kiarabu kina maneno mbali mbali kwa mambo haya, kinakutaka uchague. Nikachagua lile la mpokea wageni. Lakini nilikwisha kukawia, na Ustadha alinijua. Darasani hunijua ninapobahatisha. Akanitaka nimweleze alichosema hasa. Nikamweleza, yote mawili, kama alivyonifundisha yeye mwenyewe kuwa neno lazima lielezwe.

"Muulize," alisema, "lipi kati ya hayo alikusudia."

Harub akanifanyia ishara niyaache. Mimi nikauliza. Ningefanyaje? Wote wawili walikuwa wakinitazama.

Mzee angeweza kusema, nimekusudia kumkaribisha tu. Yangekwisha. Lakini alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake ndio uliotuponza.

"Yote mbili," alisema. "Mimi hapana na mahali pengine."

Ustadha hakupandisha sauti. Alisema kuwa hamwombi aondoke nyumbani kwake. Anamwomba aseme kuwa baba yake naye ni mwenyeji wa Bir Sidra. Hilo tu, alitamke, yeye alipeleke Irbid.

Nilifasiri. Mzee aliangalia mikono yake, ile mikono iliyofukua gurudumu. Mara mbili alianza sentensi akaiacha. Mwishowe akasema, "Kama yeye mwenyeji, watu watauliza, basi mimi nani?"

"Wewe utakuwa jirani yake," alidakia Bi Khole. "Kwani mahali hapawi na wenyeji wawili? Mie nimezaliwa Kiponda, Unguja mjini, na mama yangu, na mama wa mama yangu. Siku moja wakaja watu wakaniambia mgeni. Nikaja hapa kwa babu zangu, hapa wananiita Mzanzibari. Basi mie mwenyeji wa wapi, wa ndani ya ndege?"

Harub alicheka, akaona yeye peke yake ndiye anayecheka, akaacha. Bi Khole akamgeukia Ustadha, akahamia Kiarabu chake cha Unguja. Alimsimulia jinsi alivyorudi Kiponda miaka sita nyuma, akabisha mlango wao wenyewe, akafunguliwa na mwanamke asiyemjua ambaye alimkaribisha ndani kwa heshima zote na kumwekea chai. Akaketi kama mgeni, akakirimiwa kama mgeni, akaaga kama mgeni.

"Chai ile inaniwasha koo mpaka leo, mwanangu," alisema. "Lakini niliinywa, na nyumba yetu nikaiona. Mwache baba yako ainywe na yeye."

Ustadha alimjibu kwa adabu kuwa baba yake si mtu wa kwenda kwao kwa kukaribishwa. Angekufa kwanza.

Hapo ndipo mimi, kwa akili zangu zote za masomo ya jioni, nikasema: si tumuulize mwenyewe? Simu ilikuwa pale pale majlisini, na waya wake mrefu ambao Alyaa huurukia kama kamba. Ustadha alisita. Kisha akavuta simu karibu yake, akapiga Irbid.

Alizungumza kwanza na mke wa kaka yake, kisha tukasikia wakimsogezea baba yake chombo cha simu kitandani. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ilifika mpaka nilipokaa. Ustadha alimweleza kila kitu, hakuficha. Ngazi saba. Ile iliyovunjika. Mitungi ya zeituni. Alipofika kwenye mgeni na mwenyeji aliyatamka yale maneno mawili kwa Kiswahili, kama vitu alivyovishika kwa ncha za vidole.

Baba yake akacheka huko Irbid. Alikohoa, akacheka tena, na akasema kitu ambacho Ustadha alikirudia kwa sauti akiwa haamini: mwambieni nitakwenda kama mgeni, na akitaka nitakwenda kama punda wake. Mama yangu chini pale hatouliza nimeingia kwa jina gani. Mwambieni nimekubali.

Nilimfasiria Bwana Maji huku machozi yananitoka. Na yeye macho yake yalikuwa mekundu. Bi Khole alikuwa ameshaanza kumshukuru Mungu. Harub akajaza vikombe.

"Anauliza," Ustadha akasema, chombo bado sikioni, "kama makaburi yamezungushiwa ukuta. Yako chini ya kisima, upande wa kibla. La mama yake lina jiwe jeupe kichwani na jiwe jeupe miguuni."

Nikafasiri. Chini ya kisima, upande wa kibla. Nikamwonyesha kwa mkono, kusini, maana huko Galilaya kibla ni kusini. Mawe meupe.

Bwana Maji aliniangalia kama sikusema Kiswahili. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akamuuliza Harub kwa Kiingereza, na Harub akamwonyesha kusini vile vile, akakariri neno moja la Kiingereza ambalo hata mimi nililijua, kaburi.

Rangi ilimtoka usoni.

"Pale iko bwawa," alisema.

Alisema kwa sauti ya chini sana, kwangu mimi tu. Bwawa la kunyweshea mapeasi. Alilijenga yeye, aliporudi kutoka Dodoma, ndiyo kazi yake ya kwanza kubwa nyumbani. Walileta matingatinga. Waliyaona mawe, ndiyo, mawe mengi, na yeye alifikiri ni ya watu wa kale sana. Hakuna aliyemwambia. Hakuuliza. Kina cha maji pale, alisema, kisha hakukitaja kina.

"Mwambie," akasema. "Hapana, ngoja. Usimwambie." Akashika paji la uso. "Mimi hapana jua. Wewe fanya."

Mimi nifanye. Sote tulikuwa tumekaa pale, Bi Khole na tasbihi yake, Harub na buli la kahawa hewani, na lile neno la bwawa liko mdomoni mwangu mimi peke yangu, mimi ndiye niliyelibeba. Nilitafuta kwa Kiarabu namna ya kulisema ambayo ingemwachia mzee wa Irbid kitu, hata jiwe moja. Nilitafuta kweli. Hakuna lugha niliyoijua iliyokuwa nayo.

Ustadha Hala alikuwa akinitazama. Alinijua ninapobahatisha, na akanijua pia ninaponyamaza. Aliuona uso wa Bwana Maji. Hakuniuliza. Aliteremsha chombo cha simu kutoka sikioni taratibu, akakilaza juu ya busati, mdomo juu, akaweka mikono mapajani.

Nilimwambia. Sentensi moja. Hakulia. Alisema tu, kwa Kiarabu, akimwangalia Bwana Maji moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu aingie, "Na mwenyeji hakujua kilichomo katika ardhi yake." Nisingeweza kulifasiri hilo hata kwa kupigwa, na mzee hakuniomba. Alikuwa ameinama, vidole vinaokota punje za wali zilizoanguka kwenye busati, moja moja, akizikusanya kiganjani.

Sinan alianza kulia chumbani na hapana aliyenyanyuka. Nilitaka kwenda, nilitaka kumshika Ustadha mkono, nilitaka Harub aseme kitu cha kipumbavu kama anavyosema siku zote. Niliwaza, mwenye kulianza ni mimi, basi na mwisho wake niujue mimi, na sikuujua.

Alyaa alitambaa katikati yetu mpaka kwenye simu. Akakiokota chombo kwa mikono miwili, akakibana sikioni, akasikiliza kwa makini, kisha akaniangalia.

"Mama, babu bado anangoja."